Bakuli la Tatu

Baada ya riwaya ishirini na moja za mauaji, Chediel alimpelekea mchapishaji wake mswada usio na maiti hata mmoja. Ulihusu utoto wake: shamba la mtama, jua kali, na watoto juu ya ulingo wakifukuza ndege kwa kombeo. Kombeo lenyewe, la katani, alikuja nalo ili lichorwe kwenye jalada.

"Wasomaji wako watanitoa roho," alisema Bi Rukia, mchapishaji. "Lakini umenikosha, kaka. Nimesoma mpaka mboga ikaungulia jikoni. Ila kuna kitu."

Alifungua ukurasa wa tisa. "Hapa mama yenu anamimina uji kwenye mabakuli matatu." Akafunua mbele. "Hapa, mavuno yale yale, ni mabakuli mawili. Mtoto wa tatu kaenda wapi?"

"Nilikosea hesabu."

"Wewe?" Bi Rukia alicheka. "Si wewe ndiye uliyenifundisha kwamba kitu hakipotei hadithini bila aliyekipoteza?"

Chediel aliutazama mlango. Ulikuwa umefungwa kwa sababu ya vumbi la barabarani.

"Haya, andika 'matatu', yaishe," Bi Rukia alisema, akimsogezea kalamu. "Ni neno moja tu."

Kalamu ilifika juu ya neno, ikasimama hapo. Wino ukaanza kutanuka kwenye karatasi. Bi Rukia hakuwa akicheka tena.

Chini ya meza, mkono mwingine wa Chediel ulikuwa umekwishalishika kombeo, kamba moja imezungushwa kidoleni, nyingine imebanwa kwa kidole gumba, kama linavyoshikwa kabla ya kuachia jiwe.