Mstari wa Majivu

Wakazi walichora njia ya basi lao la kwanza kwa majivu kwenye sakafu ya ukumbi, kila mmoja akaweka jiwe alipotaka kituo. Mawe yakarundikana penye nyumba ya Mwashamba, mama anayechechemea.

"Mguu wako huo, dada, unatuuma sote," alisema mwenyekiti. "Sasa utashukia mlangoni. Haya, weka na lako."

Makofi yakapigwa. Mwashamba alilibana jiwe lake kiganjani. Mguu ule ulivunjwa na mumewe, na Mwashamba alikimbilia mtaa huu kwa kuwa gari lilikuwa halifiki.

Akaufuata mstari kwa macho hadi mji aliotoroka. Kisha, kama aliyejikwaa, akauburuza mguu juu ya majivu.

"Pole, dada," alisema mwenyekiti, akainama na kopo lake la majivu kuunganisha mstari uliokatika.