Bunduki Namba Mbili

Meza ilicheza tena, na Profesa akaidaka bunduki yake kabla haijafika ukingoni. Hiyo ilikuwa mara ya tatu, na yeye si mtu wa kuvumilia. Fundi wa bunduki alikuwa bado uani, akimalizana na mteja mwingine. Profesa akainama na kuliona tatizo: chini ya mguu mmoja palichomekwa kibao cheusi, kinene kupita kiasi, chenye matundu mawili na uchafu wa miaka. Akakichomoa kwa ncha za vidole, akakibana kwenye jiliwa, akachukua msumeno ukutani na kukipunguza upana wa vidole viwili. Kisha akakigongomea mahali pake kwa nyundo. Kilipasuka kidogo pembeni, lakini meza ikatulia tuli. Akajikung'uta unga wa mbao kwenye suruali, akiwaza jinsi watu wengine wanavyoweza kuishi.

Profesa hakuwahi kufundisha popote. Jina alijipa mwenyewe, na watu wakamwachia kwa sababu kubishana naye kulichosha. Alikusanya bunduki za zamani za marisau. Alikuwa nazo kumi na saba, zote kwenye kabati za kioo, na hakuna hata moja aliyowahi kuipiga. Kwake yeye, bunduki iliyopigwa imepungua, na iliyoguswa na msumeno ni maiti.

Fundi akaingia akifuta mikono kwa tambara. Alikuwa mwanamke wa makamo, na karakana hiyo aliirithi kwa baba yake. Akaisukuma meza kwa nyonga, kwa mazoea tu, akashangaa kuona haitikisiki.

"Umeifanya nini, mzee?"

"Nimekutengenezea. Kibao chenu kilikuwa kinene."

"Nilimwambia marehemu baba mara mia akipunguze. Hakutaka kusikia. Miaka thelathini kafanya kazi kwenye meza inayocheza."

"Kumbe. Mvivu wa kukata kibao, hodari wa kukata bunduki za watu," alisema Profesa, akamsogezea ile bunduki.

Ilikuwa na mitutu miwili ubavu kwa ubavu, ndege waliochongwa kwa mkono kwenye chuma, na namba mbili ya dhahabu juu yake. Namba moja alikuwa nayo nyumbani. Zilizaliwa pacha, mbao zake zikatoka kwenye gogo moja, kisha zikatengana. Profesa aliitafuta hii kwa miaka kumi na tisa, hadi mwezi uliopita alipoipata kwa mjane wa askari wa wanyamapori. Furaha ilimkauka pale pale mlangoni kwa mjane. Kitako cha mbao, kile cha kuegemeza begani, kilikuwa kimekatwa, na bamba la chuma la mwishoni mwake limeng'olewa na kubandikwa mpira.

"Mjane anasema ni kazi ya baba yako."

Fundi akaiegemeza begani, akalenga dirishani, akaitua taratibu. "Ni mkono wake. Yule askari alikuwa mfupi, mzee. Kitako kirefu kilimchelewesha, na nguruwe mwitu hawamsubiri mtu ajipange."

"Nguruwe." Profesa alilitamka neno hilo kwa kinyaa. "Binti, hiki ni kito. Mtu akikikata ili kimfae mbilikimo wa kufukuza nguruwe, huyo si fundi, ni mchinjaji. Na mbao ile akaitia jikoni achemshie chai, sivyo?"

"Watu walivuna mahindi yao kwa bunduki hii."

"Mahindi yameshaliwa. Aibu imebaki."

Fundi akalikunja tambara lake. Alimpenda baba yake, na maneno hayo yalimchoma, ila mteja ni mteja.

Profesa akamweleza, kwa sauti anayowawekea watoto na wauza duka. Jumba la makumbusho lilikuwa tayari kuweka pacha wote wawili ukumbini, na jina lake chini yao. Mkaguzi angekuja Jumamosi. Sharti lilikuwa moja: kila kitu kiwe kile kile kilichotoka kiwandani. Mbao mpya, hata ingefanana vipi, haikubaliki. Bila kipande kilichokatwa, miaka yote kumi na tisa ilikuwa ya bure.

"Basi usikate tamaa," alisema fundi. "Baba hakutupa kipande cha bunduki ya mtu hata siku moja. Alisema siku moja atakuja mtu anayetaka kuirudisha ilivyokuwa, na mtu huyo ana haki yake. Kila bunduki ina bahasha yake stoo."

Profesa akacheka puani. "Usiniletee kuni nyingine ukadhani utanipumbaza. Mbao ile nitaijua hata nikifumbwa macho, hata kwa kupapasa tu. Jicho hili halijawahi kukosea."

Fundi alikaa stoo muda mrefu. Alirudi na kopo la biskuti lililojaa vumbi, na ndani yake bahasha za kaki. Profesa akasimama. Kwa mara ya kwanza siku hiyo hakuwa na la kudharau.

Fundi akaichana bahasha ya namba mbili na kuiinamisha juu ya meza. Likaanguka bamba la chuma lenye matundu mawili, skrubu mbili, na karatasi iliyokunjwa. Basi. Akaikunjua karatasi na kuisogeza kwenye mwanga, akaisoma kwa sauti:

"Kipande cha kitako hakiingii humu, ni kinene. Nimekiweka chini ya mguu wa meza ya kazi, nikione kila siku kisije kikapotea. Mwenyewe akija, apewe. Meza itacheza, ivumilieni. Kisikatwe."