Nakijwa Ni Mmoja

Mimi ndiye Nakijwa, na sijafa! Lakini tangu wilaya iamue kwamba katika ukoo jina moja libebwe na mtu mmoja tu, na mashine ya kumbukumbu za koo ndiyo iseme ni nani, kuthibitisha kwamba niko hai imekuwa kazi yangu.

Mwanangu Mbazi alipopata binti, alimpa jina langu, kama sisi Wapare tulivyozoea kuwapa wajukuu majina ya bibi zao. Nikapiga vigelegele. Kumbe mashine ilipomwandika mtoto, mimi ikanifuta.

"Mama, ni mfumo tu," Mbazi akasema. "Tutakutafutia jina jingine."

"Jingine? Hili nimekua nalo, nimeolewa nalo, nimekuzaa nalo! Katafute la kwako!"

Mkewe, Elinuru, alitazama chini, akaendelea kumnyonyesha mtoto.

Nikachukua simu ya Mbazi, nikaiuliza mashine mimi mwenyewe: mjane wa marehemu Senzota ni nani? Ikajibu kwa sauti tamu kwamba Senzota hana mjane. Nikauliza tena: ile nafasi ya kaburi kando yake, niliyoichagua siku tulipomzika, ni ya nani?

"Nafasi hiyo bado imehifadhiwa kwa ajili ya Nakijwa," ikasema. "Ana umri wa wiki mbili."

Elinuru akamtoa mtoto kwenye ziwa, akamkumbatia kwa nguvu.

"Mbazi," akasema, "mrudishie mama kaburi lake."