Jenerali Radi

Jikoni kwao, katika mtaa wa Akalla nchini Uswidi, binti wa Wanjugu alikuwa akichora kazi ya shule: mfalme wa kale wa nchi hiyo aliyeitwa Simba wa Kaskazini kwa ukali wake vitani. Akainua kichwa, akauliza kwa Kiswidi kama na ukoo wao uliwahi kuwa na mtu wa namna hiyo.

Wanjugu aliacha kukanda unga wa chapati. "Babu yangu. Alipigana msituni na Mau Mau, wakamwita Jenerali Radi. Wazungu walisema bunduki yake ilitikisa mlima mzima."

Lakini hakuwahi kuuliza jina hilo lilitoka wapi. Kwa kidole chenye unga akampigia simu shosho, bibi yake aliyeko Nyeri.

Shosho, mwenye miaka tisini na mbili, alicheka mpaka akakohoa. "Bunduki gani? Alikuwa na panga tu. Radi ni mkoromo wake! Wenzake walimlaza mbali, asije akawaponza. Nami nikiwapelekea chakula alfajiri, niliufuata mkoromo huo mpaka nikamfikia."

Jikoni wakaangua kicheko.

"Halafu siku moja nilifika na viazi vyangu," shosho akasema, "nikasimama, nikasikiliza. Msitu ulikuwa kimya."

Mtoto aliweka penseli chini, akaisogelea simu. Kwa Kiswahili chake cha kukwamakwama akauliza, "Shosho, alikoroma vipi?"

 Kule Nyeri, yule bibi aliyekuwa mjane kwa karibu miaka sabini akavuta pumzi ndefu, akakoroma.