Nyuma ya Kamba

Kipindi cha kwanza kilipokwisha, timu ya Fizi ilikuwa imetufunga mabao mawili. Kocha wetu mpya, mzungu, alitungoja kwenye kiti chake chini ya mwavuli. Wakubwa wa serikali ya wazungu walimpa kazi ya Useni, wakisema muntu mweusi hawezi kuongoza timu ya mji wetu wa Baraka. Useni, aliyetufundisha mpira tangu utotoni, sasa alisimama nyuma ya kamba pamoja na watazamaji weusi.

Nikatazama viatu ambavyo mzungu alitulazimisha kuvaa. Kidole changu kikubwa kilikuwa kinatoka damu.

Mimi ndiye kapiteni. Nikakipita kile kiti.

"We kapiteni, unaenda wapi?" mzungu akaniuliza.

Sikugeuka. Nilisikia viatu vya wenzangu wote vikinifuata. Bamama wakapiga vigelegele.

"Mwalimu," nikamwambia Useni pale kwenye kamba, "tufanye nini?"

Akatutazama miguu.

"Muvue viatu. Halafu mupasiane mupira chini-chini, kama kule muchangani."

Tukavivua, tukavirundika chini ya mwavuli wa mzungu. Uwanja mzima ulikuwa unapiga kelele. Vidole vyangu vikaushika mchanga wa moto.

"Twende na weye, Mwalimu!" nikamwita Useni.

Askari aliyelinda kamba akashika fimbo. Useni akainua mguu, akavuka.