Kitufe cha Kuondoa Mifupa

"Usibonyeze hapo, baba! Itafutika picha yote!" Binti yangu alinidaka mkono.

Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe cha kuondoa mifupa pichani. Ndani ya mashine ya kupiga picha za mwili, pale anapolala mgonjwa, tulikuwa tumelaza mrija wa plastiki uliojaa mchanga na maji. Alitaka kuona maji yanapita wapi kati ya chembe. Tulitia kwenye maji dawa ile ya kung'arisha mishipa ya damu, lakini kwenye skrini mchanga ulikuwa mweupe, na maji meupe vilevile. Asipopata jibu leo, profesa wake anaufunga utafiti wa miaka miwili.

Yeye ana shahada tatu za fizikia. Mimi nina cheti cha shule ya jioni, na miaka thelathini na mbili mbele ya skrini za hospitali hii.

"Mama," nikamwambia, "kichwa cha mtu nacho huwa cheupe kote. Tunaondoa fuvu, mishipa inabaki."

"Lakini huu ni mchanga, baba!"

"Mashine haijui. Usiiambie."

Akacheka kwa woga, akaniachia mkono. Nikabonyeza.

Mchanga ukatoweka. Maji yakabaki peke yake, yamening'inia gizani, vijito vyembamba kama nywele vikiachana na kukutana tena.

Binti yangu akasogea mpaka pua ikagusa skrini. Kisha akapapasa simu mfukoni.

"Profesa, njoo hospitali! Hapana, hakuna anayeumwa. Njoo mbio!"