Mlango wa Nyumba ya Tatu

"Shangazi, nyumba zote tatu za babu zipo, hata msumari haujang'oka," alijigamba Badawi, kwa sauti ya mtu mwenye funguo zote mfukoni.

Bi Kidawa, aliyekwisha kupofuka, alitaka jambo moja tu: kufia chumbani alimozaliwa. Badawi akamshika mkono hadi nyumba ya tatu. Alipanga kusingizia ufunguo umepotea, kisha ampeleke kwenye chumba chake cha kupanga.

Shangazi akapapasa nakshi za mlango, ua kwa ua, akitabasamu.

"Ndio wenyewe, mwanangu."

Mara mlango ukavutwa ndani. Mwanamke mwenye unga mikononi akachungulia.

"Aa, kaka Badawi! Ulipotuuzia nyumba ulisahau kitu?"

Vidole vya Bi Kidawa viliendelea kupapasa maua hewani.